Faneli za Wanawake wa Mlimani

Nasema mapema ili mwenye kuona aibu aondoke sasa hivi: haya nitakayoeleza yanahusu kukojoa. Si haja ndogo, si kujisaidia, si "kwenda kule". Kukojoa. Nimekaa Guangzhou miaka kumi na tisa nikinunua bidhaa na kuzisafirisha nyumbani, na katika miaka hiyo yote hakuna oda iliyonichosha kama hii ambayo kila niliyemwendea aliona soni kuitaja.

Nyinyi mabinti na vijana mnaonipigia tangu niliporudi Moshi kupumzika, nawajua. Salamu nusu dakika, halafu, "Mama Gladi, nirushie namba ya saplaya." Namba! Mnadhani kazi yetu ilikuwa namba. Mtu ana namba arobaini kwenye simu na bado anapokea mabunda ya viatu, vyote vya mguu wa kushoto. Hayo yalimpata mtu ninayemfahamu vizuri, na mtu huyo ni mimi, lakini leo si siku yake. Leo sikilizeni habari ya faneli.

Ilianza na mdogo wangu, Aikande. Kwetu tumezaliwa sita, mimi wa kwanza, yeye wa mwisho. Nimembeba mgongoni hadi nguo zangu zikawa na umbo lake. Alipomaliza shule aliingia kazi ya mlima, anabeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Wapagazi wenyewe wanajiita wagumu, na wagumu wa kike ni wachache. Kwenye msafara mzima unaweza kukuta wanawake wawili.

Sasa mlima ule, ukishaumaliza msitu, hauna kichaka. Ni mawe, vumbi na upepo. Mwanamume akibanwa anageuka pembeni, anamaliza, anaendelea na safari. Mwanamke ashushe mzigo kichwani, atafute jiwe kubwa, jiwe halipo. Avue suruali tatu alizovaa moja juu ya nyingine kwa ajili ya baridi, achuchumae makalio nje kwenye upepo ule, huku wenzake wanapita wanapiga miluzi. Aikande akajitafutia njia yake mwenyewe: hanywi maji. Tangu anapoamka mpaka afike kambi inayofuata, hata funda moja. Akaenda hivyo misimu minne.

Msimu wa tano alianguka njiani na mzigo wa watu. Hospitalini daktari akamwambia maambukizi yamepanda hadi kwenye figo, na kwamba achague moja: anywe maji au aache mlima. Na kuacha mlima kwa Aikande ni sawa na kumwambia aache kula, maana ana watoto wawili na hana kazi nyingine anayoipenda.

Aliponipigia nilikuwa Zhanxi, ile mitaa ya viatu na nguo za jumla karibu na stesheni ya treni, nimesimama katikati ya vikokoteni nabishana na muuzaji kuhusu soli.

"Dada, wageni wa kike wanacho kitu," akasema. "Kama faneli. Wanakiweka pale, wanasimama wima, wanakojoa kama wanaume. Nilikiona kwa mama mmoja mgeni."

"Kinaitwaje?"

"Sijui. Niliona aibu kumuuliza."

"Sasa nitatafuta kitu ambacho hata jina lake hulijui?"

"Dada, wewe si uko China? Kila kitu si kinatoka huko?"

Hiyo ndiyo kauli iliyonikondesha maisha yangu yote. Kila kitu kinatoka huko. Ndiyo, kinatoka, lakini hakitoki chenyewe kikatembea hadi mlangoni kwako na kukuamkia.

Nilikuwa na mkalimani wangu, Hashimu, mwanamume wa Unguja aliyekuja kusoma akabaki kwenye biashara. Mtu wa makamo, mpole, mswalihina, Kichina chake safi kama cha redio. Mimi Kichina changu ni cha sokoni: laoban, yaani bosi, ghali, punguza, na meiyou, yaani hakuna, neno ambalo ukikaa Guangzhou utalisikia kabla hujasikia jina la mtaa wako. Kwa mambo mazito nilimtegemea Hashimu. Nikaenda naye kwenye maduka ya vifaa vya kambini. Binti wa duka akatukaribisha.

"Mwambie," nikasema, "tunatafuta faneli ya wanawake ya kukojolea wakiwa wamesimama."

Hashimu akatazama dari. "Bi Gladi, hilo mie silitamki."

"Kwa nini?"

"Huyu mtoto wa watu."

"Hashimu, kazi yako si kutamka?"

"Kutamka viatu. Kutamka mabegi. Hili, la."

Tukavutana hapo, binti anatabasamu tu. Mwishowe Hashimu akasema maneno marefu, kwa sauti ya chini, kwa adabu nyingi. Binti akakimbia stoo akarudi na faneli ya kumiminia oili ya gari. Duka la pili tukaletewa faneli ya jikoni. Duka la tatu likatoa birika la chai, zuri, la udongo, lina maua.

"Hivi unawaambia nini?" nikamuuliza.

"Nawaambia tunataka kitu cha kumsaidia bibi kumimina."

"Kumimina nini?"

"Hapo nimewaachia wenyewe wajaze."

Duka la nne nilimwambia asubiri nje. Nikaingia peke yangu, nikasimama mbele ya muuzaji, nikatanua miguu, nikaweka mkono mbele ya sketi nikaonyesha maji yanavyotoka na yanavyokwenda. Mwanamke mzima, mzee wa kanisa. Yule dada akanielewa mara moja. Akanishika mkono kwa huruma, akanipitisha nyuma ya duka, korido ya kwanza, korido ya pili, akanifikisha chooni. Na kwa kuwa tangu asubuhi nilikuwa nazunguka, niliingia. Nilipotoka alikuwa bado ananingoja, amefurahi kwamba amenisaidia. Ningemwambia nini? Nikamshukuru.

Basi andikeni hili mahali: kitu unachokitafuta, jifunze jina lake wewe mwenyewe, kwa lugha ya anayekiuza, na ulitamke kwa mdomo wako. Usimpe mtu mwingine aibu yako akubebee. Kesho yake nilikwenda kwa mama aliyekuwa akiuza tambi chini ya jengo nililopanga. Nikamchorea. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa aproni, kisha akachukua kalamu akaniandikia jina lake kwa Kichina kwenye kipande cha karatasi, na akanifundisha kulisema mara kumi mpaka wateja wake wakaacha kula.

Karatasi ile ilifanya kazi ambayo Hashimu hakuifanya siku nzima. Nilipofika Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo makubwa ya nguo ambayo ukiingia asubuhi unatoka miguu imevimba, nikakuta ghorofa ya juu kibanda cha nguo za kupandia milima. Mama mwenye kibanda akasoma, akainama chini ya meza, akatoa pakiti. Ndani kulikuwa na faneli za karatasi ngumu, za kukunja, unatumia mara moja unatupa.

Nilifurahi kwa muda mfupi tu. Mlimani unatupa wapi? Kila takataka inabebwa kurudi chini, na mgumu ana mzigo wa kutosha. Na karatasi kwenye mvua? Nikamwambia meiyou, safari hii mimi ndiye niliyesema. Nataka cha kuosha na kutumia tena. Akafikiri, akapiga simu. Wifi yake alikuwa na karakana ndogo nje kidogo ya mji, anatengeneza vyombo vya silikoni vya kuokea keki. Ndivyo nilivyomfikia Mama Liang.

Mama Liang alikuwa mwanamke mfupi, umri kama wangu, mikono imejaa alama za kuungua. Nilikwenda bila Hashimu. Tuliweka simu mezani itutafsirie, na simu ikaanza upuuzi wake. Nilisema sentensi moja, ikamwambia kitu ambacho kilimfanya aniletee kiti. Akasema sentensi yake, ikaniambia, "Bibi kizee amwagilia bustani akiwa amesimama." Nikaizima. Mama Liang akachukua kikombe cha kuokea keki, akakikata kwa mkasi upande mmoja, akakibandika mbele ya aproni yake, akaniangalia. Nikapiga makofi.

Baadaye tulipozoeana, binti yake aliyekuwa akisoma Kiingereza alinitafsiria kwa nini mama yake alikuwa mwepesi kuelewa. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja, mstari mrefu wa mashine, na chooni ulikwenda kwa kadi. Kadi moja kwa wasichana ishirini. "Mama anasema alikuwa hanywi maji," yule binti akasema. "Kuanzia kuingia mpaka kutoka. Mpaka leo anasahau kunywa." Mama Liang akaongeza jambo kwa ukali, binti akasita, kisha akatafsiri: "Anasema huyo mdogo wako ni mjinga kama yeye."

Sasa nawaeleza utengenezaji, maana nyinyi mnadhani sampuli ya kwanza ndiyo bidhaa. Sampuli ya kwanza ilikuwa fupi na bapa. Tuliijaribu kwa chupa ya maji, ikawa safi. Kisha tukaijaribu sisi wenyewe, mmoja mmoja, kwenye choo cha karakana, na mimi nikatoka na soksi zimelowa. Chupa inamwaga polepole tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanamke aliyebanwa kwa saa tano anaanza kwa kasi. Kwa hiyo koo la faneli lazima liwe pana, na ukingo wa nyuma uinuke, la sivyo inafurika kabla haijapata njia. Sampuli ya pili ilikuwa laini mno, ukiishika inajifunga. Mama Liang akanishika ndewe ya sikio, akatikisa kichwa: hapana. Akanishika ncha ya pua: hivi. Huo ndio ugumu wake, vijana. Ncha ya pua, si ndewe ya sikio. Sampuli ya tatu mrija wake ulikuwa mfupi, unakumwagia kiatuni. Ya nne alitengeneza ya waridi yenye picha ya paka, nikamrudishia. Ya tano ndiyo.

Na mkiipata, msiende nayo moja kwa moja porini mkanilaumu. Jaribu kwanza bafuni kwako, mara tatu nne, kwa sababu mwili umezoeshwa tangu utotoni kwamba kusimama ni kujizuia. Utasimama hapo dakika nzima na hakitoki kitu. Fungua maji ya bomba yasikike. Ibane faneli mwilini kutoka nyuma kuja mbele, mrija uelekee chini, usiachie kwa nguvu mwanzoni. Ukimaliza, pangusa kwa ukingo wake, kung'uta, suuza kwa maji kidogo, weka kwenye mfuko wake peke yake, si pamoja na mkate. Kuna mtu aliwahi kuniuliza kama anaweza kunywea chai. Sijui kwa nini watu wananiuliza mambo kama haya.

Kulikuwa pia na jambo la suruali. Aikande aliniambia faneli peke yake haitoshi, maana zipu ya suruali ya kike inaishia juu, fupi kabisa, ni ya urembo tu. Nikaenda Kangle, kule vichochoroni karibu na masoko ya vitambaa ambako kila chumba kina cherehani, nikamwomba fundi mmoja anishonee suruali za kike zenye zipu inayofika chini.

"Za kiume," akasema.

"Za kike."

"Zipu hii, za kiume."

"Laoban, ni za kike."

Akaniletea za kiume. Kiuno chembamba, makalio hakuna. Nikazirudisha. Akaleta za kike, zipu fupi. Mara tatu! Mara ya nne mke wake akatoka nyuma ya pazia, akamnyang'anya kitambaa, akaniuliza kwa ishara: chini mpaka wapi? Nikamwonyesha. Akacheka, akakata. Mpaka leo sijui kwa nini yeye hakuwa mbele tangu mwanzo.

Sasa nafika kwenye kosa, na kosa ni langu, ingawa kwa muda mrefu nilitafuta wa kumbandika.

Aikande alikuwa amezungumza na wanawake wenzake wa mlimani, na wa kampuni nyingine pia. Orodha ilikuwa ndefu. Nikamwagiza Mama Liang kutengeneza katoni kadhaa. Ulikuwa msimu wa nguo, mimi nazunguka na wateja wangu wa kawaida kuanzia asubuhi, kwa hiyo siku ya kukagua mzigo nilimtuma Hashimu. Nikamwambia, fungua katoni, toa moja moja, bana, kunja, tazama. Jioni akaniletea taarifa: katoni zote zipo, zimefungwa vizuri, hazikulowa.

"Ulifungua?"

"Nilifungua moja."

"Ukatoa ukashika?"

"Niliziona, Bi Gladi. Zipo."

Mtu mzima aliona aibu kushika faneli ambayo haijatumika na mtu. Nilifoka, kisha nikafanya kosa langu. Nilichukua faneli chache za mzigo ule nikaenda nazo chumbani kwangu, nikazibana: laini. Rangi ileile, umbo lilelile. Guangzhou mwezi ule ilikuwa na joto la kuyeyusha sabuni. Ukuta wenyewe ulikuwa unatoka jasho. Nikaridhika. Mzigo ukaondoka kwa ndege.

Wiki tatu baadaye, mchana, simu ya Aikande. Sauti imekauka, anakohoa.

"Dada, hizi faneli ulizijaribu wapi?"

"Hapa kwangu."

"Hapo kwako kuna joto kiasi gani?"

Akanieleza. Chini, msituni, zilifanya kazi, na wanawake walifurahi, wengine walipiga vigelegele. Lakini kambi ya mwisho kabla ya kilele, asubuhi, maji yakiwa yameganda kwenye ndoo, aliitoa faneli mfukoni ikiwa ngumu kama kigae. Haikukunjika, haikukaa mwilini. Alikuwa amekunywa maji tangu jana yake, lita tatu, kwa sababu dada yake alimwambia anywe. Hakuweza kujizuia. Yote yakaingia ndani ya suruali tatu, kwenye upepo ule. Baada ya muda wa saa moja alikuwa anatetemeka hadi hawezi kufunga kamba za mzigo. Kiongozi wa msafara akamrudisha chini akisindikizwa, amefunikwa blanketi, wanaume wote wanajua kwa nini.

"Walikuwa wanasema nimejikojolea," akasema. "Na ni kweli, Dada. Nimejikojolea."

Akakata simu. Homa ilimlaza wiki mbili, na hakunipokelea simu.

Nilikaa chumbani na zile faneli zilizobaki nimezitazama. Jirani yangu alikuwa Mkongo, Mama Bijou, ana friza kubwa ya samaki. Nikamwomba. "Mama, c'est quoi hii?" akauliza. Nikamwambia, "Usiulize, niwekee saa moja." Alipoitoa niligonga nayo meza. Ko, ko, ko. Haikuwa silikoni. Ilikuwa plastiki laini ya bei ya chini, ambayo kwenye joto hucheza na kwenye baridi hukakamaa. Silikoni hata ikae na samaki wiki nzima, inakunjika.

Niliifunga kwenye mfuko wa barafu wa Mama Bijou nikapanda teksi kwa Mama Liang, huku nanuka kibua. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika sikuyatumia. Nikaitoa, nikagonga meza yake ya kazi. Ko, ko, ko.

Mama Liang aliichukua. Akaigonga mwenyewe. Akaigeuza, akainusa, na uso wake ukabadilika. Oda ilikuwa imemzidi, kwa hiyo nusu yake aliwapa karakana ya jirani, na akawakabidhi kalibu yake na sampuli yake. Hakwenda kuangalia walichomimina humo. Na wao walimimina walichokuwa nacho.

"Mdogo wako?" akauliza, kupitia binti yake.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata suruali tatu, hata blanketi. Binti alitafsiri mpaka akafika mahali akaacha, mama yake akamwambia endelea. Kisha Mama Liang akavua aproni, akaichukua ile faneli, akatoka. Tulisikia sauti yake ikitoka jengo la pili, kisha sauti ya mwanamume, kisha yake tena, juu zaidi, na vitu vya chuma vinaanguka. Alirudi na kalibu yake mkononi, nywele zimemtoka kwenye kibanio.

Hakuniomba msamaha kwa maneno, nami sikumwomba, ingawa tulidaiana wote wawili. Yeye hakwenda kuangalia. Mimi sikwenda kuangalia. Hashimu alikwenda na hakuangalia. Watu wazima watatu, na aliyelowa ni wa nne. Mama Liang alizimimina zote upya yeye mwenyewe. Alinunua friza, akaiweka mlangoni mwa karakana, na kutoka kila katoni alitoa moja akailaza humo. Mimi nilikwenda kila siku, nguo za wateja wangu zikasubiri. Nikamleta Hashimu. Nikamkalisha mbele ya katoni, nikamwambia, "Shika." Akashika ya kwanza kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mjusi. Ilipofika jioni alikuwa anazibana na kuzirusha bila kutazama, na akagundua mbili zenye tundu ambazo mimi nilizipitisha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bi Gladi, nimuwekee mke wangu moja? Anasafiri sana kwenda Pemba kwa gari na boti, anateseka." Nikamwambia achukue tatu.

Aikande ndiye aliyekuwa mgumu kweli. Nilimtumia video ya friza. Akanijibu kwa maandishi, "Video siyo mlima." Nikamtumia mzigo bila kumuuliza. Nilimtumia ujumbe kwamba nimezishika mwenyewe, kila moja, na kwamba safari ile nyingine sikuzishika, na kwamba nilipaswa kuzishika. Hakujibu. Alama mbili za bluu, basi. Wanawake wengine walinijulisha kwamba wamezipokea, kwamba wanaogopa, kwamba wanasubiri kuona Aikande atafanya nini. Na Aikande alikuwa amepanda na msafara, hakuna aliyejua kama ameibeba au ameiacha chini ya kitanda, wala kama anakunywa maji.

Kwa siku nane sikuwa na mtu wa kumfokea isipokuwa wauzaji wa Guangyuan, nao walinikoma.

Siku ya tisa, saa tisa alasiri, niko kwenye njia ya mizigo pembeni ya jengo, mabunda ya nguo yananipita kushoto na kulia juu ya vikokoteni. Simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Niliuweka sikioni, nikaziba sikio la pili kwa kiganja. Kwanza ni upepo tu, upepo mkali unaokwaruza. Nikadhani amebonyeza kwa bahati mbaya. Kisha sauti yake, anahema, na nyuma yake wanaume wanazungumza na sufuria zinagongana.

"Dada. Niko kambi ya juu, nimepanda kwenye jiwe nikapata mtandao. Barafu imejaa kwenye hema. Nimekunywa chupa zote mbili na chai juu yake." Akakohoa, akacheka. "Sasa hivi nimesimama. Nimewapa mgongo tu. Kuna mmoja amenipita hapa, ameniuliza kama nimeona kofia yake. Nikamwambia iko kwenye hema la jiko. Akasema asante, akaenda."

Upepo tena. Halafu akasema polepole, kama mtu anayeogopa kuharibu kitu:

"Dada, hakujua."

Niliusikiliza mara ya pili hapohapo. Nilikuwa nalia, mzee mzima, katikati ya njia ya watu. Nyuma yangu mbeba mizigo mwenye mabunda matano kwenye kikokoteni alikuwa ananipigia kelele nimpishe, kwanza kwa Kichina, kisha kwa Kiingereza, kisha akanisukuma kidogo na bunda lake la chini. Nikageuka nikamwonyesha simu, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha jengo zima:

"Mdogo wangu amekojoa!"

Akanitazama. Akazungusha kikokoteni, akapita pembeni.